Samaki wanakufa kila wiki, na wa njano amevimba taya: nifanyeje?

SWALI

Ndugu Mshauri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa Tabata, Dar es Salaam, baba wa watoto wawili. Mwezi na nusu uliopita nilinunua tanki la samaki la futi mbili, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kwa sababu binti yangu wa miaka tisa alikuwa hanipi raha tangu alipoliona kwa rafiki yake. Siku hiyo hiyo muuzaji alinichagulia na samaki kwa kufuata rangi: gapi sita wenye mikia mipana, neoni kumi, samaki wa dhahabu wawili, mbuna wa njano wanne, mbuna mmoja wa bluu mwenye mistari myeusi, na yule mwenye mdomo wa kunata kwenye kioo, ambaye aliniambia ndiye mla uchafu.

Nilijaza maji ya bomba, nikapamba kwa mawe meupe ya matumbawe niliyookota ufukweni, nikawasha chujio, samaki wakaingia. Siku ya nne maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Neoni wakaanza kufa wawili wawili mpaka wakaisha. Wengine wakawa wanatweta juu ya maji. Nikamwaga maji yote, nikasugua vioo na mawe, sponji ya chujio nikaifua kwa sabuni ya unga, nikajaza maji mapya. Zikapita siku chache za amani, vifo vikarudi: samaki wa dhahabu wote wawili na gapi wanne. Niliporudi dukani nikapewa dawa ya bluu ya kumwaga ndani ya tanki, na ushauri wa kununua wengine kufidia. Dawa niliitia, wengine sijanunua.

Waliobaki ni mbuna wote watano, mla uchafu, na gapi wawili waliochanwachanwa mikia. Yule wa bluu ni mdogo kuliko wote lakini hampi mtu nafasi. Na sasa mmoja wa njano amevimba chini ya taya. Chakula nikimwaga hasogei, anajibanza nyuma ya jiwe. Chupa ya dawa bado ninayo, nikasema nikuulize kwanza. Umeme huku ukikatika unaweza kukaa saa nne au tano. Aliniuzia na hita, sijui kama naihitaji. Mke wangu anasema tanki litoke sebuleni, linanuka na linamliza mtoto. Mtoto naye hataki kusikia litoke. Je, tatizo ni maji, ni ugonjwa, au samaki hawa hawakutakiwa kukaa pamoja?

Baba wa wawili, Tabata

JIBU

Ndugu yangu wa Tabata, hiyo chupa irudishe kabatini. Huyo wa njano haumwi, ana mayai mdomoni.

Mbuna jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyahifadhi kinywani, na humo ndimo yanamoanguliwa. Kwa muda wa wiki tatu hivi hali kitu, au anadonoa kidogo sana. Msogelee jioni taa ya tanki ikiwa inawaka, utulie pembeni asishtuke. Utaona ngozi ya chini ya taya imeshuka na kuwa nyembamba, na mdomo unachezacheza mithili ya mtu anayetafuna polepole. Anayageuza mayai ili maji yenye hewa yayafikie yote. Mwite binti yako mtazame pamoja. Ila msimkimbize na wavu na msiguseguse mawe yake, maana akitishika huyatema au huyameza.

Sasa vifo. Kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili ya ugonjwa wa kuambukiza. Hujataja vidoa vyeupe mwilini, wala vidonda, wala utando kwenye magamba. Umetaja maji kuwa meupe na samaki kutweta juu ndani ya siku chache tangu tanki lianze, na hiyo ni amonia.

Samaki hutoa amonia saa zote, sehemu kubwa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza nyingine. Ziwani au mtoni maji ni mengi na kuna bakteria wanaoibadilisha. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao huota pia kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe na kwenye mawe, lakini huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Tanki lako siku ya kwanza halikuwa nao, na likapokea samaki 24 kwa mkupuo. Aliyekuuzia tanki na samaki siku moja hakukutendea haki, wewe wala wale samaki.

Ule weupe wa siku ya nne ulikuwa wa bakteria wengine, wanaochipuka kwenye maji mapya yenye chakula kingi. Ungeisha wenyewe. Watu wengi huogopa hapo hapo wakamwaga kila kitu, na safari inaanza upya. Kwako ilianza upya kwa uzito zaidi, kwa sababu sponji ilifuliwa kwa sabuni na bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika wakaondoka, na mabaki ya sabuni nayo huunguza matamvua. Maji mapya yaliingia na klorini yake. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar yanatoka mto Ruvu, yanasafishwa na kutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyo hiyo huua bakteria wa chujio na kuchoma matamvua ya samaki. Kisha ikaja dawa ya bluu, ambayo ina kazi yake katika ndoo ya kumtibia samaki mmoja, lakini ndani ya tanki huwadhuru hao hao bakteria tunaowahitaji.

Lipo na jambo la yale mawe meupe. Chukua moja, likaushe, lidondoshee siki au ndimu. Utaona povu dogo linachemka pale tone lilipoangukia, kwa sababu tumbawe ni chokaa. Ndani ya tanki huyeyuka kidogo kidogo, maji yakawa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na pH, kipimo cha asidi ya maji, ikapanda (ikipanda, asidi imepungua). Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja haina madhara makubwa na nyingine ni sumu kali, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH pamoja na joto. Kwa maji yetu ya Dar ya nyuzi 28 hivi, pH ikiwa 7, sehemu ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 8.5, inapita asilimia 15. Uchafu ule ule, samaki wale wale, sumu mara kumi na zaidi. Ndiyo maana ni neoni waliotangulia. Ni samaki wadogo wa vijito vya Amazoni, vyenye maji laini yenye asidi kidogo na kivuli cha msitu, na uliwaweka kwenye maji ya aina iliyo kinyume kabisa na ya kwao.

Na ndiyo maana mbuna wote watano wako hai. Mbuna ni wa Ziwa Nyasa, lenye maji magumu na pH kati ya 7.8 na 8.6. Pasipo kukusudia uliwatengenezea maji ya nyumbani. Ni samaki wagumu pia, ingawa hakuna samaki wa kuzoea amonia, kwa hiyo tusiwachoshe zaidi.

Kuanzia leo fanya hivi. Pata kipimo cha amonia na cha nitriti, cha matone au cha karatasi, maana macho hayaoni amonia na maji maangavu yanaweza kuwa yamejaa sumu. Kila siku punguza robo ya maji na urudishe mapya, mpaka vipimo vyote viwili visome sifuri. Tanki lako kwa hesabu ni lita 54, ukitoa mawe na changarawe maji halisi hayafiki 50, kwa hiyo robo ni kama lita 12. Maji mapya yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Ukiikosa, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima hadi mbili, ukiwa na pampu ya hewa ndani yake ni bora zaidi. Vipimo vikitulia, robo moja kwa wiki inatosha. Sponji utaiminya ikishaziba, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tankini, na ikitoka na rangi ya kahawia iache hivyo hivyo. Ukimpata mtu mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukatie kipande cha sponji yake, ukiweke kwenye chujio lako. Kitafupisha kusubiri kuliko chupa yoyote ya dukani.

Chakula kiwe mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Hiyo kazi mpe binti yako, lakini kopo la chakula likae juu asikolifikia peke yake, kwa sababu watoto hulisha kwa huruma. Mbuna wengi wa miambani hukwangua ukoga kwenye mawe, hivyo wape chakula chenye spirulina, ambayo ni ukoga uliokaushwa, na mara moja moja jani la mchicha lililochemshwa kidogo. Nyama usiwape.

Sasa swali lako la kukaa pamoja, ambalo ndilo ningependa kila msomaji mwenye tanki alitafakari kabla ya kuingia dukani. Samaki wa tanki la pamoja wanachaguliwa kwa maji ya kwao, kwa ukubwa watakaofikia na kwa tabia zao. Rangi inakuja mwisho. Wale uliouziwa walitoka pande nne za dunia. Gapi ni wa kaskazini mwa Amerika Kusini na hupenda maji magumu kiasi, ni wapole na mikia yao ni mizito, kwa mbuna huo mkia ni kitu cha kung'ata. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, hustawi kwenye maji ya baridi kuliko ya Dar, hukua zaidi ya sentimita 15 na huchafua maji kupita wadogo kumi. Mla uchafu wako anaitwa pleko, na jina la mla uchafu limewaponza wengi. Anakula ukoga na chakula kama wengine, anatoa kinyesi kuliko wote, na wa aina hii inayouzwa sana anaweza kupita sentimita 30, yaani upana mzima wa tanki lako. Huyo na gapi wawili warudishe dukani au mpe mtu mwenye nafasi inayowafaa, na uwahi, kwa sababu gapi hawatamaliza mwezi humo.

Wa bluu mwenye mistari, kwa maelezo yako, anafanana na demasoni, mbuna mdogo anayetoka kwenye miamba ya upande wetu wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Kwa umbo ni kama kidole, kwa ugomvi hana mfano. Ziwani kila dume ana mwanya wake wa mawe na humfukuza yeyote anayeusogelea, na anayefukuzwa anakwenda zake, ziwa ni kubwa. Ndani ya sentimita 60 hana pa kwenda. Panga mawe upya siku ya kubadilisha maji, upande alikojitawaza yeye tu, ili apoteze mipaka aliyoizoea. Mawe ya jike mwenye mayai usiyaguse. Ongeza pia mianya mingi midogo inayoanzia chini kabisa mpaka juu ya maji. Mawe ya kawaida ya mtoni yanafaa. Matumbawe uliyo nayo yaache kwa kuwa mbuna wanapatana nayo, lakini usiende kuokota mengine. Miamba yetu ya pwani ina shida za kutosha.

Hata hivyo futi mbili haziwatoshi mbuna watano. Una njia mbili, nami nitakwambia ninayoipendelea. Ya kwanza ni kuwauza mbuna, kuondoa matumbawe, kusubiri tanki litulie, na kufuga gapi au plati wanane hivi. Watoto wanawapenda, hawasumbui, ila ukichanganya dume na jike watazaa kila mwezi mpaka useme basi, kwa hiyo chukua madume peke yao. Ya pili ni kubaki na mbuna na kuwatafutia tanki la futi nne. La sentimita 120 kwa 45 kwa 45 linabeba lita 243. Mafundi wa vioo hapa Dar wanaweza kukuundia kwa kioo kinene na silikoni, sharti alijaze maji na kulijaribu kwa siku kadhaa kabla hujalibeba, na meza ya chini iwe imara kwa uzito unaopita robo tani. Hapo wa njano watakuwa kundi, wa bluu atapata majirani wa kumtuliza, na hili dogo litakuwa la kulelea watoto.

Mimi napendelea hii ya pili kama mfuko unaruhusu, hata kama ni baada ya miezi michache. Watu wa Ujerumani, Marekani na Japani wanatia madini kwenye maji ya bomba ili wawafuge mbuna na samaki wa Ziwa Tanganyika, na wanawaagiza kwa ndege. Sisi maziwa hayo ni yetu, na watoto wetu wanakua wakidhani samaki mzuri wa tanki lazima atoke mbali. Mbuna ni ndugu wa furu wa Ziwa Victoria. Kama umekulia Mwanza au Bukoba unajua furu, na unajua wazee wanavyosimulia walivyokuwa wengi kabla sangara hajapandikizwa ziwani miaka ya 1950. Aina nyingi za furu hazionekani tena. Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi, samaki usiyemtaka usimwachie kwenye mto Msimbazi, bwawa wala mtaro wowote. Gapi na pleko wamevamia mito ya nchi nyingi kwa njia hiyo hiyo ya mtu mmoja kuona huruma akamwaga ndoo.

Kwa msomaji mwenye chumba kidogo anayetaka kubaki na futi mbili na maji magumu, wapo samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, wa sentimita nne au tano tu. Kila mmoja ana gamba lake, hulichimbia mchangani kwa mdomo na kulilinda. Wakipatikana, kundi lao dogo peke yake katika lita 50 ni raha kuliko mchanganyiko wowote wa rangi.

Hita chomoa. Maji ndani ya nyumba ya Dar yanakaa nyuzi 26 mpaka 30 yenyewe, na hita mbovu itapika samaki. Ipeleke kwa ndugu aliye Mbeya au Njombe, huko inahitajika. Tatizo letu ni kinyume: maji yakipanda joto hewa inapungua, lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwa nyuzi 30 ni kama saba na nusu. Miezi ya joto acha kifuniko wazi kidogo na uweke wavu juu wasiruke.

Umeme ukikatika usilishe. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, na isipokuwepo, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa, yakiruka yanakamata hewa. Saa nne au tano samaki wachache watavuka. Kama chujio lako ni la kopo lililofungwa na umeme umekaa sana, ulisuuze kwa maji ya tanki kabla ya kuliwasha, kwa sababu yaliyooza ndani yake yatarudi yote kwa samaki.

Mama watoto ana haki juu ya harufu. Tanki lenye afya halinuki, lina harufu kidogo ya udongo wenye mvua. Mwombe mwezi mmoja, na ahadi iwe kwamba hakuna samaki mpya atakayeingia mpaka amonia na nitriti zisome sifuri wiki mbili mfululizo. Nadhani linamuumiza pia kumwona mtoto analia, kwa hiyo mweleze binti, kwa lugha yake, ni nini kiliwaua wale wa kwanza. Miaka tisa anaelewa kabisa habari za bakteria.

Kuhusu jike wa njano, hesabu wiki tatu tangu ulipoona taya limevimba. Kabla hazijatimia, rundika mawe madogo ya ukubwa wa ngumi kwenye kona moja, mianya iwe myembamba kiasi kwamba mbuna wakubwa hawapiti. Atawatema watoto mwenyewe, huenda kumi, huenda ishirini, wakiwa wameshaumbika kamili, na watakimbilia huko. Saga chakula kile kile mpaka kiwe vumbi, udondoshee kidogo kwenye hiyo kona mara mbili au tatu kwa siku, na mama yao mlishe vizuri wiki hiyo, atakuwa amekonda.